Ng'ombe Alirudi, Mimi Sikurudi Kituoni

Aibu hii nimeishi nayo miaka mingi, na hata sasa nikipita katika soko letu pale Kabianga huwa naharakisha kidogo, lakini wacha niwasimulie, labda itamwokoa mtu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi mwalimu kijana, nimeoa juzi tu, na asubuhi moja nikaamka nikakuta ng'ombe wangu hayupo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, miti inaelea ndani yake kama haina mashina, na kila nilipoita, sauti yangu ilizama kama ya mtu anayeota. Nilipata kamba tu. (Fundo nililifunga mwenyewe, vibaya, lakini hilo sikutaka kulifikiria.) Nikaenda kituo cha polisi nikasema nimeibiwa. Afande akaandika yote katika kitabu kikubwa: ng'ombe mweusi, nyota nyeupe usoni, sikio la kushoto limepasuka. Akanipa namba kwenye kikaratasi.

"Itunze, mwalimu. Na ukimpata, hata kama ni leo, urudi utuambie tufunge hii maneno."

Jioni, ukungu ulipoinuka, ng'ombe akatokea katikati ya majani chai, anatafuna taratibu, kana kwamba ametoka kwenye ndoto yake akaingia yetu. Nilicheka peke yangu. Kurudi kituoni nikasema kesho, na kesho ilipofika nikawaza, wale watu nitawaambia nini, mwalimu mzima ameshindwa na fundo? Nikanyamaza. Ni hilo tu nililofanya.

Miezi miwili ikapita. Sasa, kwetu Wakipsigis mtu humwekea mwenzake ng'ombe amtunze, anywe maziwa, na undugu ukue. Baba mkwe wangu alikuwa hana ng'ombe wa maziwa, nikamwambia aje amchukue wangu. Alikuja siku ya soko, akaondoka naye kupitia sokoni akipiga mluzi, nami nikawatazama wakififia ukunguni, mzee na ng'ombe, nikajiona mkwe mwema kuliko wakwe wote.

Kabla ya saa sita, jirani yangu Mama Chebet akaja mbio kutoka sokoni.

"Mwalimu! Baba ya bibi yako ameshikwa! Soko nzima imeona, wanasema ni mwizi wa ng'ombe!"

Sikumbuki miguu yangu ikigusa barabara. Kituoni nilimkuta mzee kwenye benchi, kofia magotini.

"Nimeona hii ng'ombe sokoni, nyota na sikio ni kama tuliandika. Huyu anasema ng'ombe ni ya mkwe wake," afande akaniambia. "Nikamuuliza, na mbona mkwe wako ndiye aliandikisha wizi?"

Nikaeleza yote, fundo, ukungu, aibu. Afande akafungua kitabu, akaandika kwamba ng'ombe amepatikana, nikatia sahihi.

"Dakika tano, mwalimu," akasema. "Ungekuja ile siku, ingekuwa hizi dakika tano tu."

Nje nikamwomba mzee msamaha. Alimfungua ng'ombe aliyekuwa amefungwa uani, akaninyoshea kamba.

"Polisi umewaambia," akasema. "Na soko?"

Basi nikashika kamba, tukaelekea sokoni. Na hapo ndipo nilipoelewa, ndugu zangu, kwamba ukiripoti jambo kazi haijaisha, kwa sababu kile kitabu hakilali; wewe umeshapata kitu chako ukasahau, chenyewe bado kinatafuta. Kwa hiyo tunza namba yako, nenda uulize wamefikia wapi, na kilichopotea kikirudi, rudi useme siku hiyo hiyo, hata kama utachekwa. (Utachekwa kidogo. Mimi nilichekwa na soko.) Niliapa sitarudia, nikiwa natembea kati ya magunia ya mahindi na akina mama wa kabichi, mzee nyuma yangu ametulia kabisa, mimi nikimwambia kila mtu, "Ng'ombe ni wangu, nilimpa mwenyewe, kosa ni langu." Tulipofika mwisho nikashusha pumzi.

"Polepole, mkwe wangu," mzee akasema. "Wale wa upande wa mbuzi bado hawajakusikia. Tuzunguke tena."