Kamati ya Harusi Ilipitisha Rangi Zangu Bila Kujua

Admin, ukiliweka hili kwenye ukurasa naomba uondoe jina langu na la kanisa. Majina mengine nimeshayabadilisha mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mtanzania, nimesoma hadi kidato cha sita. Naishi Rissne, Stockholm, mwaka wa saba sasa, na nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Tangu sekondari naandika daftari kila siku na tarehe juu, kwa hiyo haya ninayowaeleza sikisii. Nayasoma.

Nimechumbiwa na Elisha, Mrundi, fundi umeme, mtu mpole anayecheka kabla hujamaliza utani. Nampenda. Nalisema mapema kwa sababu najua baadhi yenu mtasema simpendi. Kabla yake niliishi miaka miwili na mwanamke, dada wa Kenya, nitamwita Achieng. Naye nilimpenda hivyo hivyo. Kabla ya Achieng kulikuwa na mwanaume, nyumbani Dodoma. Sikuhama upande mmoja kwenda mwingine. Nimekuwa hivi tangu nipate akili zangu.

Achieng ndiye aliyenipa bendera ya watu kama mimi, kiangazi kimoja tulipokwenda mjini kutazama maandamano ya Pride. Kitambaa kidogo, kama cha kufunikia trei: pinki pana juu, buluu pana chini, katikati mstari mwembamba wa zambarau. Akanieleza kwamba pinki ni kupenda wa jinsia yako, buluu ni kupenda wa jinsia nyingine, na zambarau ni pale rangi hizo mbili zinapoingiliana. "Sasa rudi nyuma uangalie," akasema. "Ukiwa mbali, zambarau huioni. Unaona tu pinki imeishia kwenye buluu. Ndiyo sisi hao."

Tulipoachana niliikunja nikaichomeka katikati ya vitenge. Mwaka jana nilipomwandikia kwamba nimepata mchumba, alijibu mara moja tu: "Kumbe ulishachagua. Hongera."

Wanaoishi huku wanajua, harusi yetu ni ya kamati. Wanakutana Jumapili baada ya ibada, kule Rinkeby, na bibi harusi anatakiwa kupeleka kitambaa cha mfano ili sare za kwaya na mapambo vifuate. Kikao cha kwanza sikupeleka. Cha pili sikupeleka. Cha tatu pia. Sikuwa na kinyongo na mtu. Tangu Januari mwili wangu unakwenda kazini na kurudi, mimi sijui niko wapi. Daftari la mwezi huo lina siku tisa zilizoandikwa "Nimekula. Nimelala," basi.

Mwezi wa tatu wifi yangu, Spesi, dada mkubwa wa Elisha, alikuja kunisaidia kupanga nguo na vitenge kabatini. Jumapili iliyofuata akasimama kwenye kikao, akachomoa ile bendera kwenye mkoba na kuipandisha juu.

"Jamani, huyu wifi yangu ana aibu! Rangi alishachagua zamani, akazificha kabatini!"

Vigelegele vikapigwa. Mama Deo, mwenyekiti, aliishika akaigeuza pande zote. "Hizi rangi zimetulia. Ndiyo faida ya kumwoza mtu aliyesoma." Mama mmoja wa Kongo akachomekea Kifaransa chake, "Ni joli sana, mama," yaani nzuri. Wakapitisha. Mimi nilikuwa nimekaa na sahani ya sambusa mapajani. Nilisubiri nione aibu, au hofu, au hata kicheko. Hakikuja kitu. Wiki hiyo hiyo wakanunua vitambaa Skärholmen na kupima wanakwaya wote.

Jumapili iliyopita Mama Deo akaleta hoja. "Huu mstari wa katikati unamsumbua fundi cherehani. Mwembamba kama utepe. Tuutoe, pinki ikutane na buluu, kazi iishe. Nani atauona?" Mikono ikanyooshwa.

"Hapana," nikasema. "Ubaki."

"Binti, ni utepe tu."

"Nimesema ubaki!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mama Deo akaangua kicheko. "Heee! Kumbe anasema! Sisi tulidhani tunaoza sanamu." Wote wakacheka. Elisha, aliyekuwa anapanga viti nyuma, hakucheka.

Kutoka Rinkeby hadi Rissne ni kituo kimoja tu cha treni. Mlango ulipojifunga tu, Elisha akaanza.

"Nilikuuliza ukumbi, ukasema popote. Keki, ukasema yoyote. Leo unagombana na wazee kwa ajili ya utepe. Kuna nini?"

"Naupenda tu."

"Mpenzi, kazini kuna msichana ana beji ya rangi hizi hizi, zimepangwa hivi hivi. Maana yake siijui, na sijamuuliza. Nataka nikuulize wewe."

Tulikuwa tumefika. Nikamwomba anipe hadi Jumatano.

"Sawa," akasema. "Ila Jumatano usije ukaniambia 'popote'."

Kesho ni Jumatano, na harusi ni wiki ya tano kutoka sasa. Msiniambie niombe niache. Nimeomba tangu kidato cha pili. Msiniambie kwamba kwa kuwa naolewa na mwanaume basi hakuna la kusema. Sikuchagua upande, nimemchagua Elisha. Nikimweleza anaweza kuondoka, na wifi na kanisa zima wakajua sababu kabla ya Jumapili. Nikinyamaza, ataoa mtu asiyemjua.

Leo nilikaa mezani na daftari nikajaribu kila jibu. Nilifikiria akiniacha, sikuhisi kitu. Nilifikiria akinikumbatia, sikuhisi kitu. Kisha nikaandika sentensi ya uongo ambayo ningempa, "Ni rangi tu, hazina maana," na kabla sijaweka nukta nilikuwa nimeikata kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika.

Mliowahi kumfungulia mwenzenu moyo kabla ya ndoa, na mlionyamaza mkaoa au mkaolewa hivyo hivyo, nisaidieni. Anakuja kesho saa kumi na mbili jioni. Nimwambie, au nimpe ile sentensi?