Ubao wa Baba Usio na Mgongo

Ninyi wenzangu mliokua Likasi wakati ingali ikiitwa Jadotville, mtakumbuka jinsi miaka ile ya Katanga kujitenga ilivyotufundisha kutazamana kwa jicho la pembeni. Tuliruka kamba, tulikula bukari, yaani ugali, na samaki wa mto Lufira, king'ora cha kiwanda kikatuita nyumbani. Lakini mlangoni mama alikuwa na lake: "Ya mu nyumba inabakia mu nyumba." Jirani akikupa chumvi, ulijiuliza kwa nini amekupa.

Baba yangu, fundi umeme kiwandani, alikuwa na ugonjwa wa muziki. Mzungu mmoja aliyekimbia aliacha gramafoni mbovu, na ndani yake baba akapata spika pana kama sahani ya bukari. Vijana wa leo, mnaonunua besi dukani mkajiita mafundi, sikieni: baba aling'oa mlango wa kabati la mama, akaukata tundu kwa msumeno, akaifunga spika kwa boliti, akausimamisha ule ubao kwa miguu miwili na kuuunganisha na redio. Hakuweka kasha.

"Mu caisse bantu batasema tumeficha phonie," alisema, yaani chombo cha kuzungumza na adui. "Hii haina mugongo. Askari akikuya, atazame mbele, atazame nyuma." Mama alinuna mwezi mzima, nguo zake zikila vumbi.

Jumamosi tulicheza rumba mpaka vikombe vikatetemeka. Ila kila jioni saa kumi na mbili baba alitafuta habari za Léopoldville, kwa serikali ile Katanga iliyojitenga nayo, na hizo zilikuwa za kumpeleka mtu gerezani. Alipunguza sauti mpaka tukainama kusikia. Mimi nilitumwa barabarani kusikiliza kama sauti inatoka nje. "Hakuna kitu, papa," nilirudi nikisema, na ilikuwa kweli, maana barabara ilikuwa ubavuni mwa ubao. Ubao wa namna ile ubavuni huwa kimya. Husema mbele, na nyuma husema vilevile. Nyuma yake palikuwa na ukuta mwembamba, na ng'ambo ya ukuta aliishi Papa Kalenga, karani wa kiwanda.

Tulimwogopa. Kila habari zilipoanza, tulisikia kiti chake kikiburutwa mpaka ukutani, kisha kimya. "Ule anatuchunga," mama alinong'ona. Tukakatazwa kucheza na watoto wake. Mimi nilimchukia mzee wa watu kwa moyo wangu wote.

Basi adhuhuri moja wakaja askari watatu. Walikuwa wameambiwa kuna phonie. Waliuzunguka ubao, wakapapasa nyaya, hawakuridhika. Wakamsimamisha baba uani, mikono kichwani, wakamwita Papa Kalenga mlangoni pake: hawa wanasikiliza nini? Mama alinishika bega hadi likaniuma. Nilijua baba amekwisha.

"Muziki tu," alisema Papa Kalenga kwa hasira. "Kila siku rumba, rumba. Kichwa inaniuma. Mubebe ile mbao, miye nilale."

Askari wakacheka, wakaenda zao. Baba alipokwenda kumshukuru, Papa Kalenga alitazama huku na huku kwanza. "Papa Odette," akasema chini chini, akimwita baba kwa jina langu, "jana ulifunga redio mbele ya habari kumalizika. Balisema nini mu mwisho?" Nilitamani ardhi inimeze kwa aibu.

Mama hakutulia. "Kama si yeye, ni nani alitusema?" Hatukujua, na mpaka leo, uzee huu, nikikutana na watu wa mtaa ule huwatazama mmoja mmoja nikijiuliza.

Wajukuu zangu wameziba masikio kwa vispika vidogo kama mbegu ya maharagwe, kila mmoja na dunia yake. Wananiambia ni usalama, hakuna anayesikia. Ni kweli. Siku askari wakimuuliza jirani wetu wa sasa tunasikiliza nini, atajibu kwa moyo safi kabisa kwamba yeye hatujui sisi.