Siku Niliyompa Mgongo Mama Mkwe Bwawani

Asubuhi ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya Jumamosi, mwanangu, na nilikuwa na umri kama wako na miguu kama yako, isiyojua kutulia. Keti basi. Najua unaiangalia simu. Iweke hapo mezani, ikilia tutaisikia, masikio yangu bado ni mazima. Mimi nitasimama. Nikikaa sana nyonga inaniuma, na isitoshe sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Muulize mama yako mkubwa hapo jikoni, atakuambia amezeeka akinifuata na kikombe cha chai.

Jana nilikuona kule bwawani. Nilikuwa ng'ambo na ng'ombe, hukuniona. Ulikuja na lile sanduku la plastiki lenye vyumba vyumba, limejaa vyambo vya kila rangi ulivyoagiza kwa simu vikashushwa Kitale. Ukatupa kile kisamaki cha mbao chenye ndoano kila upande, kikarudi na shungi la majani. Ukafunga kijiko kinachong'aa, nacho kikarudi na majani. Ukafunga kile chenye kibati kinachozunguka, hata sijui ulikitupa mara ngapi, ukalifungua sanduku tena. Na katikati ya yote hayo ulikuwa unampigia mkeo aliyerudi kwao Bumula, hashiki, unaandika ujumbe, unapiga tena, unatupa chambo kwa mkono mmoja. Nilichoka mimi niliyekuwa nimesimama tu. Ng'ombe wenyewe walikuwa wanakuangalia.

Sikucheka, mwanangu. Nilijiona mimi mwenyewe palepale, kwenye ukuta uleule wa bwawa.

Wakati huo nilikuwa namtaka Nafula, huyu mama yako mkubwa. Nilikuwa nimetuma neno kwao kupitia shangazi yake, na jibu halikuja. Baba yake, Mzee Barasa, alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, na shamba lake hapa Ndalu liligusa maji. Watu walikuwa wamemwambia habari zangu zote. Kwamba nilifanya vibarua Webuye nikaacha, nikauza mitumba Bungoma mjini nikaacha, sasa ni utingo wa lori la mahindi Kitale na tayari nimeanza kuulizia kazi nyingine. Si uongo. Wajomba wangu walikuwa wamefua makoti yao na wanangoja tu kuitwa kwenda kuzungumza mambo ya ng'ombe wa mahari, na kila nilipokutana nao waliniuliza, "Sasa, wamesema nini?" Nafula naye alikuwa amenitumia habari kwamba baba yake akikataa, yeye hatabishana naye, hakulelewa hivyo.

Halafu jibu likaja, na halikuwa ndiyo wala hapana. Mzee alisema, "Mwambieni aje tuvue pamoja Jumamosi."

Wewe ungefikiri nini? Wiki nzima sikula vizuri. Mtu amemtaka binti yako, wewe unamwita kuvua samaki. Mimi nilijua kuvua kambare mtoni kwa mnyoo na kijiti, lakini Mzee alikuwa anavua besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana ambaye mzungu mwenye shamba alimtia bwawani zamani. Besi hataki unga wala mnyoo uliolala. Anataka kitu kinachokimbia, kisamaki, chura, panzi aliyeanguka majini. Anajificha ndani ya majani na kukivizia.

Nilimkuta Mzee ameshafika, kofia kichwani, kopo la biskuti miguuni. Ndani ya kopo ndimo vyambo vyake vilimokaa, alivyoachiwa na mwalimu mwenzake aliyehama. Akanipa fimbo moja ya kuvulia na akaniambia nichague ninachotaka. Nikachukua kilichong'aa kuliko vyote.

"Umeyaangalia maji?" akaniuliza.

"Nimeyaona, Mzee."

"Sikusema kuona."

Nikatupa. Majani. Nikabadilisha, nikatupa kwingine. Majani. Yeye hakuondoka mahali pake. Alikuwa amefunga chura wa mpira, ndoano zake zimelala mgongoni zikielekea juu, na alikuwa akimtupa mbali kupita ule mkeka wa majani, anamvuta juu yake polepole, na akifika kwenye dirisha, yaani pale majani yameachana na maji yanaonekana, anamwacha. Anamwacha tu. Mimi nilikuwa naona hilo linanitia wazimu. Nilikuwa nimeshatembea ukuta mzima kwenda na kurudi, nimefungua kopo mpaka kifuniko kimelegea, na kila nilipogeuka nilijaribu kusoma uso wake kama amenikubali ama amenikataa.

Mwishowe akaniita. Alichukua fimbo yangu, akakata chambo nilichofunga, akafunga mnyoo mweusi wa mpira. Ile ncha ya ndoano aliirudisha ndani ya mnyoo mpaka ikafichika. Akaniambia kwamba maji haya yana tope, rangi nyeusi ndiyo inaonekana kama kivuli cha kitu cha kula, na ndoano iliyofichwa hupita katikati ya majani bila kushika. Kisha akaniambia neno ambalo limenikaa mpaka leo.

"Kijana, samaki hajakuona bado, na wewe umeshaondoka."

Niliona aibu, bana. Nilijua hakuwa anasema samaki peke yake. Nikasimama pale aliponionyesha, nikatupa kwenye ukingo ambapo majani yanaishia, nikauacha mnyoo uzame. Nikauinua kidogo, nikauacha. Nikauinua tena. Na hapo uzi ukaenda kando wenyewe, polepole, kama mtu amekushika shati kwa nyuma.

"Ngoja usikie uzito," Mzee akasema. Nikausikia. Nikapiga fimbo juu.

Mwanangu, yule samaki alikuwa mkubwa. Aliruka mara moja nikamwona mdomo wote umefunguka, halafu akaingia majani kichwa mbele, akajifunga humo ndani, na uzi ukakaza kama umeshika gogo. Hakuna kilichosogea. Moyoni nikasema, huyu ndiye mahari yangu, huyu akipotea Nafula amepotea. Nikaanza kuvuta. Nikasikia uzi unalia.

Ndipo nikasikia kikohozi cha mwanamke nyuma yangu.

Hapa lazima nikueleze, kwa sababu nyinyi wa siku hizi mnapiga picha na mama wakwe mmewakumbatia mabegani. Kwetu enzi hizo mkwe na mama mkwe hawakutazamana usoni. Ukimwona njiani unaacha njia. Sikuwa nimeoa bado, lakini neno lilikuwa limeshatumwa, na neno likishatumwa ile heshima imeshaanza. Na mimi, kwa kutembeatembea kwangu, sikuwa nimeuliza wanawake wa boma lile hupita wapi wakitoka shambani. Walikuwa wanapita juu ya ukuta wa bwawa. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia yao.

Niligeuza uso haraka nikaangalia maji. Pembeni ya jicho nilikuwa nimeshaona kanga ya mama yake Nafula na mzigo wa kuni kichwani, ikanitosha. Yeye naye alisimama akageukia upande wa mahindi. Ukuta ule mwembamba, unaujua. Hawezi kupita bila kunigusa bega. Mimi siwezi kurudi nyuma maana yeye yuko hapo, na siwezi kwenda mbele maana samaki ameshikilia uzi upande huu, nikisogea majani yanaukata. Nilifikiria kutupa fimbo nikimbie. Nilifikiria kuruka majini na viatu. Kweli kabisa, niliangalia maji nikakadiria kina chake.

"Simama hapohapo," Mzee akasema. Sikujua kama anacheka.

Basi nikasimama. Sikuweza kuvuta, kwa sababu ili uvute vizuri lazima urudi nyuma, na nyuma kuna mama mkwe. Fimbo ikashuka yenyewe, uzi ukalegea, ukalala juu ya majani. Nilitamani kulia. Jasho lilinitiririka machoni na sikuthubutu kujifuta, nikihofia mkono ukienda juu utaonekana kama namsalimia. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko safari ya lori kutoka Kitale mpaka Mombasa. Nilikuwa nasikia pumzi yake chini ya ule mzigo.

Halafu akasema, si kwangu, maana hawezi kunisemesha. Alimsemesha mumewe.

"Baba Nafula, mwambie mgeni wako uzi wake unatembea."

Nikaangalia. Ulikuwa unatembea kweli. Besi, alipoona havutwi, aliona hatari imepita, akaanza kutoka kwenye majani mwenyewe, taratibu, akielekea maji ya wazi. Kidole changu kilikuwa bado kwenye uzi.

"Na umwambie asivute," akaongeza, "mpaka samaki atoke kabisa."

Mzee Barasa alinirudia maneno hayo neno kwa neno, kama karani wa baraza, ingawa mkewe alikuwa hatua chache kutoka sikioni mwangu. Nikangoja. Sijui niliipata wapi nguvu ya kungoja. Alipokuwa nje kabisa, ndipo nilipokaza uzi, na wakati namzungusha samaki kuelekea ukingoni nilishuka kwenye tope mpaka magotini kumpokea. Njia ikawa wazi. Nikasikia nyayo zikipita nyuma yangu bila haraka, na harufu ya kuni mbichi.

Mzee alimwangalia yule samaki. Akafunika kopo lake. "Waambie wajomba wako waje," akasema, akaanza kupanda nyumbani. Nilibaki pale kwenye tope na samaki mikononi, nikicheka peke yangu mpaka nikaogopa watu watasema nimerukwa na akili.

Miaka mingi nilidhani ni samaki aliyenipa mke. Nilitembea na fikira hiyo nikajisifu nayo kwenye kila arusi. Kisha mama mkwe akazeeka sana, na mimi ndiye nilikuwa nampeleka hospitali Bungoma, kwa hiyo ile heshima ya kutotazamana ikalegezwa kwa lazima. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya dawa akaniambia, "Wewe, unafikiri sikuwa na njia nyingine siku ile? Kulikuwa na ile ya juu, ya kwa jirani. Nilikuona toka shambani unahangaika na kile kikopo. Nikasema, ngoja nimzuie huyu, nione akizuiwa atafanya nini." Akasugua shingo. "Ungeuvuta kidogo tu uzi ule, ama ungenikimbia, ningemwambia mzee hapana. Shingo iliniuma wiki nzima kwa zile kuni."

Nilimshika mkono mpaka tukaitwa dirishani.

Sasa wewe. Hapana, acha simu, haijalia. Simwiti mkeo samaki, usije ukaenda kumwambia hivyo, atakaa Bumula mpaka azeeke. Nasema habari ya mkono wako. Tangu aondoke umetuma pesa, umetuma kaka yake, umetuma mchungaji, umetuma maneno matamu asubuhi na maneno makali jioni. Kila siku chambo kipya, na hakuna hata kimoja ulichokiacha majini akakiona. Na yeye ameingia majani kwa sababu kuna kitu kilimchoma. Ukivuta, anajifunga zaidi, na siku moja uzi utakatika mikononi mwako.

Ukirudi bwawani, kwanza simama uangalie maji kabla hujafungua sanduku. Kwenye mkeka wa majani tumia chura, kwenye ukingo tumia mnyoo wenye ndoano iliyofichwa, na vile vyenye ndoano nje peleka maji ya wazi ama uviache nyumbani. Uchague kimoja na ukipe muda. Na besi akiingia majani, legeza. Lakini usiweke fimbo chini, unasikia? Wengi hukosea hapo. Wanalegeza halafu wanaenda zao. Kidole kikae kwenye uzi.

Na nyumbani kwako vilevile. Tuma shangazi yako mara moja tu, aende akaulize ni nini kilimwumiza, na akirudi na jibu usibishane nalo. Kisha kaa. Tengeneza lile paa la jikoni alilokuomba tangu mvua za mwaka jana. Mlaze kwa wakati mtoto aliyekuachia. Akipiga, pokea, usimuulize kwa nini hakupiga jana. Najua ni vigumu. Niangalie mimi, nimezunguka meza hii tangu nianze kusema.

Umesikia hiyo sauti? Ni mama yako mkubwa. Anasema, "Mwambie huyo mgeni wako chai inapoa." Anaweza kukuita kwa jina lako, lakini tangu mama yake afariki amechukua desturi ya kusema hivyo, na mimi siichoki.

Inuka twende tukanywe. Mungu akupe mkono mtulivu, mwanangu, na akupe macho ya kuona uzi unapoanza kutembea. Mkeo arudi kwa miguu yake mwenyewe, mchana, watu wakiona. Na siku atakapotokea njiani na mzigo wake kichwani, Mungu ajalie akukute umesimama palepale alipokuacha.