Bia Niliyomwonjea Kaka

Kaka yangu alikuwa mwanajeshi, na ulimi wake ulijua bia kuliko alivyojua kunyamaza. Tulizaliwa katika kambi ya jeshi Jinja, ndiyo maana sisi wawili tulizoea kuongea Kiswahili, lugha ambayo majirani zangu wa Mbale bado wanaiona ya watu wa bunduki. Alipokuwa kazini katika chuo cha jeshi cha Kimaka, kila alipopelekwa kozi nje ya nchi alirudi na chupa mbili tatu alizozificha ndani ya soksi. Nami nilifunga daftari za wanafunzi wangu nikapanda gari kwenda kuonja. Watu walisema mwalimu wa kike gani huyu. Waache waseme.

Hatukunywa kama watu wenye kiu. Tulimimina kidogo, tukanusa, tukabishana. Bia ya ngano ya Wajerumani ilinukia ndizi mbivu, na hiyo tuliipenda sote. Ya Wabelgiji ilikuwa nzito na tamu kama sukari guru; ukiinuka ndipo unajua umekunywa nini. Ile nyeusi ya Ireland niliikataa, nikasema kama ni kuunguza kahawa, hata sisi tunayo mlimani. Ya Kenya aliidharau kwa sababu tu ni ya jirani. Ya kwetu, inayopikwa hapohapo kando ya Nile, aliisifu mpaka nikachoka, nikamfunga macho kwa leso nikampa glasi nne. Hakukosea hata moja. Alijigamba mwaka mzima.

Lakini bia iliyotulea ilikuwa malwa, pombe ya ulezi aliyoipika mama kule kambini. Wanaume waliketi kuzunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu, mama akiongeza maji moto. Kabla hawajaanza, yeye alionja kwanza mbele ya macho yao. Kwetu mwenye pombe huonja mwenyewe, ili anayekaribishwa ajue haina kitu kibaya. Mimi na kaka tuliishika desturi hiyo hata kwa chupa za Ulaya.

Kisha ini likamshinda. Macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji, nikamleta nyumbani kwangu Nabuyonga, hapa Mbale. Daktari alisema asiguse tena pombe, nami nikageuka askari magereza. Nilipekua mpaka chini ya godoro. Tuligombana karibu kila siku, na siku moja nilimwambia neno ambalo haliambiwi mgonjwa, kwamba ugonjwa huu alijitafutia mwenyewe. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukila, aliniita.

"Dada, mimi nataka chupa moja tu. Ile ya Wajerumani. Halafu sitasumbua wewe tena."

Nilikwenda dukani. Ile bia ya ngano ilikuwapo, na kando yake ilikuwapo nyingine ya kampuni hiyohiyo, isiyo na kileo. Nilisimama pale muda mrefu, kisha nikachukua isiyo na kileo. Nyumbani niliiloweka chupa mpaka karatasi ya jina ikabanduka, nikamwambia imebanduka kwa unyevu wa friji. Aliinusa, akanirudishia glasi.

"Onja kwanza."

Nikaonja. Ilikuwa kama maji ya kusuuzia chupa.

"Ni yenyewe," nikasema.

Katika ukoo wetu sijasikia mtu aliyeonja kisha akadanganya. Mimi nilidanganya huku nikimtazama usoni. Alikunywa polepole hadi mwisho, akafuta povu mdomoni.

"Hii ni nzuri, dada. Kichwa yangu imeanza kuzunguka."

Akacheka kidogo, akanigusa mkono, akaniambia nikapumzike, nimechoka. Nilirudi jikoni nikijiona mjanja. Nilidhani nimempa raha na nimemlinda pia, vyote kwa chupa moja.

Alifariki siku tisa baadaye. Tulipomaliza mazishi nilikwenda kwa daktari kumshukuru, nikamsimulia ile hila yangu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka anisifu. Hakunisifu. Alinitazama kwa huruma, akasema alidhani kaka ameniambia. Ijumaa ile, kabla ya ile Jumapili, alikuwa amemweleza kaka wazi kwamba dawa zimefika mwisho, na kwamba sasa anaweza kula na kunywa chochote ambacho moyo wake unataka. Kaka alimwomba aachiwe yeye kunieleza.

Angeniambia hivyo, ningempa kreti nzima. Ulimi uliotambua glasi nne macho yakiwa yamefungwa ulijua kwamba niliyompa si yenyewe. Lakini ili aipate ile yenyewe, ingembidi aniambie kwamba anakufa, na hilo hakutaka nilisikie.