Bima Hailipi Tabia

Baba mtoto wangu alikuwa utingo wa malori yanayokwenda Tunduma. Unga aliuanzia huko barabarani, ukamrudisha Makambako amekonda kama ufito. Mtaani walimwita teja. Mimi nilimwita mpumbavu, lakini hilo ni la ndani kwangu, mtu mwingine asiliguse.

Asubuhi moja akaniambia, "Mama, nipeleke hospitali leo. Kesho usiniulize." Nilimwelewa. Tukikataliwa, jioni anadandia lori. Nikamfunga mtoto mgongoni, tukapanda gari la Njombe.

Arosto ilimkuta kwenye benchi la hospitali. Ndiyo yale mateso ya mwili uliokosa unga: kamasi, jasho, mifupa kuuma, kutetemeka. Bahati yetu Njombe ni Njombe. Mwezi wa saba pale kila mtu anatetemeka kwa baridi. Bibi mmoja akamtazama, akacheka.

"Kamwene!" akatusalimu. "Huyu mmemtoa pwani nini?"

Akamfunika blanketi lake. Nikamwacha aamini hivyo.

Daktari alishaandika alazwe, apimwe, apewe dawa za kumtuliza mpaka apate nguvu ya kuanza methadoni, dawa ya kuachia unga. Methadoni yenyewe ni bure, ila sisi tuliambiwa tuifuate Mbeya, na unainywa mbele ya nesi kila siku. Kulazwa ndiko kulikotaka bima, na kadi tulikuwa nayo.

Kijana wa dirisha la bima akasoma, akanirudishia karatasi.

"Dada, bima hailipi tabia. Inalipa ugonjwa."

"Tabia gani?"

"Si unajua mwenyewe."

Sikukaa darasani mpaka kidato cha nne ili nije kuambiwa "unajua mwenyewe".

"Daktari kaandika ugonjwa. Wewe umempima na nini, macho?"

Mtoto akaamka, akaanza kulia. Nikamwacha alie, tukawa wawili.

Nyuma yangu mzee mmoja akakohoa. "Kijana, presha yangu hii nimeitafuta mwenyewe. Pombe ya ulanzi na nyama ya kitimoto tangu ujana. Mbona mnalipa?"

"Mzee, wewe ni mgonjwa."

"Na mimi?" akadakia jamaa wa bodaboda mwenye plasta mguuni. "Niliingia mtaroni nimelewa chakari. Mmenilipia mpaka vyuma!"

"Kaka, hayo usinisimulie mimi."

"Andika na mimi tabia!" mama mmoja akapaza sauti. "Sukari yangu ni ya soda!"

Foleni nzima ikacheka. Ilikuwa kitubio, ila cha kupiga kelele na bila padri. Hata mimi nilicheka, na hasira zangu zote.

Kwenye kelele zile bibi akaelewa. Alimgeukia mume wangu, akamkazia macho. Nilidhani atachukua blanketi lake.

"Kumbe siyo baridi," akasema. Akalivuta likamfunika mpaka masikioni. "Kaa hapo hapo. Ukiondoka na blanketi langu nakuitia mgambo."

Akakaa. Mwanamume aliyekuwa ameshauangalia mlango mara kadhaa, akakaa.

Kijana akatoka kwenda kwa mkuu wake. Aliporudi hakunitazama. "Lete kadi," akasema.

Bado nina hasira, wala sitaki kutulizwa. Bima ililipa siku zile, lakini nauli ya Mbeya haiigusi. Na je, yule asiye na kadi kabisa? Yule aliyeletwa na mama mpole, anayeambiwa "tabia" akainama na kuondoka? Ugonjwa ni ugonjwa, uandikwe hivyo na ulipwe hivyo kwenye kila dirisha. Matibabu ya mtu yasitegemee kama ameoa mke mwenye mdomo.

Siku nilipompelekea chakula wodini nikamkuta ameketi, kanyolewa ndevu. Akauma kiazi, akakunja uso.

"Mama, hiki hakijaiva."

Mtu aliyeishi mwaka mzima kwa chai ya rangi, leo anakagua viazi! Nikamnyang'anya, nikakila mwenyewe. Kweli kilikuwa kibichi katikati. Sijawahi kula kiazi kitamu kama kile.