Nyanya Mbichi za Bibi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuishika simu ya baba kwa mikono yenye utomvu wa tumbaku. Juzi, hapa Songea mjini, lori la marobota ya tumbaku kutoka Namtumbo lilisimama mbele yangu, na ile harufu ikanirudisha nyumbani, darasa la saba, mwaka shule zilipofungwa kwa sababu ya korona.

Kama umewahi kufunga majani mabichi ya tumbaku kwenye fito, unaujua ule utomvu mweusi. Unaganda vidoleni na maji hayautoi. Mwalimu alituma masomo kwenye kundi la wazazi, nami kwa pupa ya kuwa wa kwanza kujibu nikapapasa kioo hadi kikawa cheusi na simu ikagoma. Baba aliifutia kwenye shati.

"Hii si fito, bwana mdogo." Akaitia mfukoni, akaenda nayo kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kuchochea moto.

Bibi ndiye aliyeniombea msamaha. Alichuma nyanya mbichi, akazipasua, akanisugua mikono mpaka ikatoka maji ya kijani na utomvu ukaachia, baba akanirudishia simu. Tangu hapo kila jioni nilianza shule kwa nyanya. Binti wa jirani, niliyekaa naye dawati moja, naye alikuja kunyoosha mikono, maana kwao kulikuwa na simu ya kitochi tu, isiyo na intaneti. Bibi alinung'unika kwamba elimu ya mwaka ule ingemmalizia bustani.

Tulikaa kizingitini tukisaka maswali ya hesabu katikati ya matangazo ya misiba, bei za mbolea na "asante mwalimu" za wazazi. Mwenzangu alinizidi hesabu, na alijua. Mimi nilikuwa mtu wa kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu ya doa moja.

"Unalipamba daftari kama bibi harusi," alinicheka. "Geuza ukurasa basi, bando linaisha."

Mara nyingi liliisha kabla ya zamu yake ya kushika simu. Hilo bado linaniuma.

Shule zilipofunguliwa nilimpitia asubuhi, shati limepigwa pasi. Nilimkuta na sketi ya shule, majani ya tumbaku mapajani. Baba yake, ambaye msimu ule hakuweka vibarua, alikuwa anapanga fito. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe tangulia, mwanangu."

"Mwalimu atamuulizia, baba."

"Si anatuma kwenye simu? Tumalize tumbaku. Jioni atakuja kusoma kwenu kama kawaida."

Nilimweleza kwamba mwalimu hatumi tena, sasa anafundisha darasani. Alitabasamu tu, kama mtu anayesikiliza mtoto. Mwenzangu hakuinua kichwa.

"Nenda, utachelewa," alisema. "Uniletee hesabu."

Nilimletea, zimeandikwa bila doa hata moja. Lakini tumbaku haikuisha. Baada ya kukausha kulikuwa na kuchambua, na baada ya kuchambua, vitalu vya miche ya msimu mwingine. Siku ya mtihani wa taifa jina lake liliitwa, hakuitika mtu.

Bibi ameshafariki, bustani yake imeota majani. Mimi nina simu yangu, na mtandao siku hizi unashika hadi kwenye bani. Binti wa jirani bado anafunga tumbaku, na hakuna anayemchumia nyanya.