Mtama Uliochipua Baada ya Jua Kali

Mkata majani yule walimwita Hakai, maana kutulia hakukuwa kwenye damu yake. Hata chai aliinywa amesimama. Miaka kumi na miwili aliwapelekea wafugaji majani kwa baiskeli, na hakuna aliyewahi kumlaumu.

Mwaka huo jua liliunguza kila kitu. Mtama wake ulidumaa, ukaishia magotini. Kisha mvua ikanyesha siku mbili, machipukizi yakatoka laini, ya kutamanisha. Mzigo wa kwanza akampelekea wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Walinuniana tangu msibani, na namba yake alishaifuta kwa hasira. Hakubisha hodi, aliuacha mlangoni mwa zizi, akaondoka.

Alipopita duka la dawa za mifugo, muuzaji aliona majani yaliyonasa kwenye baiskeli.

"Mama, mtama huu umechipua baada ya ukame?"

"Ndiyo. Mzuri, eh?"

"Una sumu huo! Ng'ombe akiula anakosa pumzi, anaanguka papo hapo."

"Mungu wangu! Nimeshampelekea wifi."

"Kimbia! Mimi nampigia daktari."

Hakai alikanyaga pedali kama mwendawazimu. Mnyororo ulipochomoka mara ya pili, aliibwaga baiskeli, akavua kandambili, akatimua mbio. Atasema nimefanya makusudi, aliwaza. Atasema nimemkomoa.

Zizini alimkuta mtamba wa wifi, ng'ombe mchanga ambaye hajazaa, yuko chini, povu mdomoni, miguu ikitupatupa. Ng'ombe aliyemzaa bado anatafuna.

"Wifi, toa majani! Yana sumu!"

Wifi hakuuliza. Wakayazoa horini kwa mikono minne, wakigongana vichwa. Daktari akafika, ng'ombe mama naye keshalala, akamchoma sindano ya mshipa. Mtamba alikuwa amekwisha kukata roho.

"Ulijua?" wifi akauliza.

"Ningejua, ningeleta?"

Wifi akaitazama miguu mitupu ya Hakai, inavuja damu. "Kaoshe hiyo miguu," akasema.

Jioni ng'ombe alisimama, akanywa maji. Hakai hakungoja shukrani wala lawama. Alizunguka kwa wateja wake wote, nyumba kwa nyumba, kuwaonya; wawili wakamwambia asirudi tena. Akaenda shambani kuuzungushia mtama miiba, mbuzi wa jirani wasiingie. Alikuwa bado anahangaika na miiba wifi alipotokea kwenye kijia, panga mkononi.

"Sogea huko," wifi akasema. "Upande huu naziba mimi."